Themostati ya bruda ya vifaranga 100: shajara ya ufungaji, Nzuguni, Dodoma

Kazi yenyewe ni kufunga themostati ya STC-1000 iendeshe taa mbili za joto na feni moja kwenye bruda (mahali pa kulelea vifaranga kwa joto) ya vifaranga 100. Chumba ni cha tofali, mita 3 kwa 3.5, bati bila dari, dirisha moja la nondo na wavu. Msimu ni Juni, na anayeijua Dodoma anajua maana yake: mchana nyuzi 27, alfajiri 14, na upepo mkavu unaopenya kila ufa. Tofauti hiyo ndiyo inayowashinda wanaowasha na kuzima taa kwa mkono. Zikiachwa ziwake hadi saa nane mchana, vifaranga wanahema. Zikizimwa asubuhi na mtu akasahau, ikifika saa mbili usiku wamelaliana na wa chini wamekufa.

Nyuzi zote humu ni za Selsiasi, na bei ni za shilingi ya Tanzania, tulizolipa Mei na Juni 2025. Kazi inaishia kwenye plagi. Kama soketi ya chumba haina erthi (waya wa usalama uendao ardhini), au inacheza ukutani, hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na imalizike kabla ya kununua chochote kati ya vitu vilivyotajwa hapa.

31 Mei: Manunuzi

Themostati imekuja kwa basi kutoka Kariakoo: 38,000, na kifurushi 5,000. Kabla ya kulipa, omba picha ya kibandiko cha ubavuni. STC-1000 hutengenezwa kwa volti 12, 24, 110 na 220, na kwa sura zote ni pacha. Ya volti 12 ukiichomeka kwenye umeme wa nyumbani inakufa papo hapo. Unayoitaka imeandikwa 220V.

Taa ni za infraredi, wati 150 kila moja, 14,000 kwa moja. Mbili za 150 ni bora kuliko moja ya 250, kwa sababu moja ikikatika saa nane usiku inabaki ya kuwasogezea hadi asubuhi. Balbu za LED hazifai kabisa kwa kazi hii, maana sifa yake ndiyo hiyo hiyo: zinatoa mwanga bila joto la maana. Balbu za zamani za wati 100 ukizipata zinafaa.

Waya ni wa nyuzi tatu, milimita za mraba 1.5, mita 8 kwa 2,500 kila mita. Taa mbili na feni ya wati 20 ni wati 320. Gawanya kwa volti 230 unapata ampea 1.4, wakati rilei ya themostati (swichi yake ya ndani) inabeba hadi 10. Kwa hiyo waya huu umezidi mahitaji. Tumeuchagua kwa sababu ya uimara wake chumbani palipo na panya, ngazi na ndoo za maji. Plagi ya dukani huja na fyuzi ya ampea 13. Itoe, weka ya 3. Kwa mzigo wa ampea 1.4, fyuzi ya 13 ni kubwa mno, inaruhusu hata kuliko rilei inavyobeba.

Vingine: feni ya volti 220 ya sentimita 12 (22,000), boksi la plastiki lenye mfuniko wa skrubu (9,000), konekta (2,000), plagi na fyuzi (5,000), mnyororo mwembamba mita 4 (6,000). Holda mbili za plastiki, 1,500 kila moja. Hizi holda ni kosa, tutarudi kwazo.

1 Juni: Kuunga mezani

Tundu la themostati kwenye mfuniko wa boksi ni milimita 71 kwa 29. Lichorwe, litobolewe pembe nne, likatwe kwa kisu cha moto au msumeno mwembamba. Usizidishe hata milimita mbili, vibanio vya pembeni havitashika.

Nyuma kuna pointi nane zenye namba. 1 na 2 ni umeme wa themostati yenyewe. 3 na 4 ni kihisi joto. 5 na 6 ni rilei ya kupasha, 7 na 8 ni rilei ya kupoza.

Jaribio la kwanza: umeme 1 na 2, taa 5 na 6. Themostati ikawaka, kihisi kilipopozwa kitaa cha kupasha kikawaka, rilei ikagonga "tik", taa kimya. Hapa ndipo wengi huhitimisha kwamba wameuziwa kibovu na kukirudisha dukani. Si kibovu. Pointi 5 na 6 hazitoi umeme. Ni swichi tu, kama ile ya ukutani. Swichi haina umeme wake, inaukata na kuuunganisha unaopita. Laivu (waya unaoleta umeme) lazima uipeleke wewe kwenye 5, nayo itatokea 6 pale joto likishuka.

Kuna kosa baya kuliko hilo, na kuna michoro inayozunguka kwenye simu inayokuelekeza hukohuko: laivu kwenye 5 na nyutro (waya wa kurudishia umeme) kwenye 6. Hiyo ni shoti inayosubiri. Mezani utaona kila kitu kiko shwari kwa sababu chumba kina joto na rilei haijafunga. Joto likishuka ikafunga, fyuzi inapasuka na rilei huenda ikaungana moja kwa moja. Nyutro haigusi 5, 6, 7 wala 8. Haina kazi huko.

Muungano sahihi, plagi ikiwa nje ya soketi:

Laivu ya plagi iingie konekta ya kwanza, itoke nyaya tatu: kwenda 1, kwenda 5, kwenda 7.
Nyutro ya plagi iingie konekta ya pili, itoke kwenda 2, kwenda taa zote mbili na kwenda feni.
6 iende laivu ya taa, zote mbili sambamba.
8 iende laivu ya feni.
3 na 4 zipokee kihisi. Hakina upande, waya wowote popote.
Erthi isiingie themostati kabisa. Iende kwenye kofia za bati za taa na kwenye fremu ya feni.

Usijaribu kubana nyaya mbili za 1.5 kwenye pointi moja ili kuepuka konekta. Skrubu zake ni ndogo; waya mmoja unashikwa, wa pili unalegea baada ya wiki, na waya uliolegea unaunguza plastiki taratibu. Kila ukishakaza, vuta waya kwa vidole. Ukitoka, haukushikwa.

Tulibana pia kebo kwa ndani ya boksi kwa kamba ya plastiki, ili mtu akijikwaa avute boksi, asivute pointi.

2 Juni: Mipangilio isiyokaa

Vipimo vinne: F1 ni joto unalotaka, F2 ni tofauti inayoruhusiwa, F3 ni dakika za kusubiri kabla ya kupoza, F4 ni marekebisho ya kipimo. Bonyeza S sekunde tatu, chagua kwa mishale, kisha shikilia S huku ukibonyeza mshale kubadili namba.

Tuliweka F1 33, tukaacha. Dakika moja baadaye imerudi 10. Tukarudia mara tatu. Sababu: usipogusa kitu kwa sekunde 10, inatoka kwenye mipangilio bila kuhifadhi. Ukimaliza kubadili, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja na kukiachia, ndipo inahifadhi. Mara moja, kwa kugusa tu. Ukikishikilia sekunde tatu unaizima themostati nzima.

Ikishahifadhi, umeme ukikatika na kurudi, namba zipo. Tulichomoa na kuchomeka mara kumi kuthibitisha.

3 Juni: Kuhakiki kipimo, na habari ya maji yanayochemka

Usiamini namba ya kwenye kioo hadi uipime dhidi ya kitu kingine. Maelekezo mengi ya nje husema chovya kihisi kwenye barafu inayoyeyuka isome 0, halafu kwenye maji yanayochemka isome 100. La barafu ni kweli popote. La pili Dodoma ni uongo. Mji uko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ukiirekebisha isome 100, umeongeza kosa la karibu nyuzi nne, na nyuzi nne kwa kifaranga wa siku moja ni habari ya kufa na kupona. Tena themostati hii mwisho wake ni 99.9.

Njia iliyofanya kazi ni kipimajoto cha homa cha kidijitali. Weka maji ya vuguvugu kwenye thamosi, koroga, ingiza ncha ya kipimajoto na ncha ya kihisi zikiwa zimefungwa pamoja kwa raba, subiri dakika tatu. Kipimajoto kilisoma 37.6, themostati 36.3. Kwenye barafu iliyopondwa themostati ilisoma -1.2. Upungufu ni uleule juu na chini, kwa hiyo F4 iliwekwa 1.3 na habari ikaisha. Kama juu ingepungua 1.3 na chini ikazidi, kihisi kingekuwa na hitilafu na F4 isingesaidia.

5 Juni: Chumbani. Holda zimeyeyuka

Mduara wa hadibodi, kipenyo mita 2, kimo sentimita 45. Unatoa eneo la mita za mraba 3.1, yaani vifaranga 32 kwa kila mita, nafasi ya wiki mbili za mwanzo tu. Chini maranda ya seremala, unene sentimita 7. Taa zinaning'inia kwa mnyororo kutoka kwenye mbao za paa, sentimita 50 juu ya maranda, umbali wa sentimita 80 kati yake.

Mnyororo, si waya. Waya wa umeme haubebi taa, hata kama dukani wanauuza ukiwa umeshaungwa hivyo. Taa ya infraredi ikianguka juu ya maranda makavu, mwendo wa kuwa moto ni dakika chache, na chumba hiki kina mbao juu na hadibodi chini.

Baada ya saa moja na nusu chumba kikaanza kunuka plastiki. Holda moja ilikuwa imelainika na taa imeinama upande. Holda hizi za plastiki ni za balbu zisizo na joto kubwa, kama LED za wati 9. Tukanunua za kauri, 4,500 kila moja. Kwenye holda, waya unaoingia ndani tuliuvisha bomba la kitambaa cha fibaglasi linalotumika kwenye pasi; mafundi wa pasi wanakata kipande kwa bei ya soda.

Maranda, si pumba za mpunga, na kwa hakika si vumbi la mbao. Vifaranga wanalila vumbi, na hilo likiloa linaota ukungu.

6 na 7 Juni: Kihisi kikae wapi

Nyaya zilichukua saa tatu, hili limechukua siku mbili, na hapa ndipo pa kusoma taratibu.

Nafasi ya kwanza: chini ya taa katikati, sentimita 5 juu ya maranda. Baada ya dakika nne kioo kinasoma 33, taa zinazima. Kipimajoto cha ukutani kilicholazwa nusu mita kutoka hapo kinasoma 23. Kila dakika mbili taa zinawaka na kuzima. Sababu ni aina ya joto. Taa hizi hazipashi hewa kwanza, zinapasha kile zinachokimulika, kama jua la saa saba linavyopasha bati wakati upepo bado ni wa baridi. Ncha nyeusi ya kihisi inakunywa miale na kusoma joto lake yenyewe. Themostati inaamini bruda imeiva, kumbe kilichoiva ni kihisi.

Nafasi ya pili: ukutani, mita 1 kutoka sakafuni, mbali na miale. Taa hazikuzimika usiku kucha. Ukuta wa tofali usiku wa Juni ni nyuzi 17, hautafika 33 hata kwa taa kumi. Alfajiri maranda chini ya taa yalikuwa nyuzi 41. Kifaranga angepata jehanamu katikati na friji pembeni.

Nafasi ya tatu, iliyobaki: ukingoni mwa duara la mwanga, sentimita 35 kutoka katikati ya taa, sentimita 6 juu ya maranda, yaani usawa wa mgongo wa kifaranga. Kihisi kimefunikwa kwa kikombe cheupe cha mtindi kilichopinduliwa, chenye matundu mengi ya msumari wa moto ubavuni, kikifungwa kwenye kijiti kwa waya mwembamba. Weupe unarudisha miale, matundu yanapitisha hewa, na kikombe kinazuia midomo isidonoe. Kwa nafasi hii kioo kilipokuwa 33, chini ya taa palikuwa 36 na pembeni mwa mduara 27. Ndivyo inavyotakiwa: si joto moja kila mahali, ila mahali pa kuchagua.

F2 kiwandani ni 0.5. Kwa hiyo taa ziliwaka zikishuka 32.5 na kuzima 33, mara 19 kwa saa. Kuwaka na kuzima kwingi kunachosha waya wa ndani ya taa na kunachosha rilei. Tukaweka 1.5: zinawaka 31.5, zinazima 33. Mara 6 kwa saa. Kifaranga hahisi tofauti hiyo, taa inaihisi.

10 Juni: Vifaranga wameingia

Chotara 100, saa tano asubuhi. Bruda iliwashwa jana saa kumi na mbili jioni ili maranda yapate moto hadi chini. Hewa inapata joto kwa nusu saa, sakafu ya saruji inataka usiku mzima.

Saa nne usiku wametawanyika, wengine wamelala kwenye ukingo wa mwanga wakiwa wamenyoosha mguu. Wakijikusanya chini ya taa wana baridi. Wakikimbilia ubao wa pembeni na kuhema, wameungua. Wakijazana upande mmoja tu, kuna upepo kutoka upande wa pili. Hao ndio kipimo cha mwisho. Kioo kikisema 33 na vifaranga wakasema baridi, waamini vifaranga.

12 Juni: Feni

Saa nane mchana chumba kilifika 35 na feni haikuwaka. Waya zote sawa, pointi 8 sawa. Tuliposubiri, ikawaka yenyewe. F3 ilikuwa dakika 3: themostati imetengenezwa ikifikiria friji, ambayo mota yake haitakiwi kuwashwa mara tu baada ya kuzima. Feni haina shida hiyo. F3 sasa ni 1, ndiyo namba ndogo kuliko zote inazokubali.

Kosa la pili ni la kwetu. Feni ilifungwa dirishani ikivuta hewa ya nje kuingiza ndani, na ikapuliza moja kwa moja kwenye mduara. Vifaranga wakahamia upande wa pili wote. Imegeuzwa: iko juu, karibu na bati, inatoa hewa ya moto nje, na hewa mpya inaingia yenyewe kwa chini ya mlango kupitia wavu. Hewa ya moto hupanda. Kuisukuma chini ni kubishana nayo.

Feni na taa haziwezi kuwaka pamoja. Kwa F1 33 na F2 1.5, taa zinawaka kwenye 31.5 na feni kwenye 34.5, zote zinazima kwenye 33. Kati hapo kuna utulivu.

13 Juni

Taa moja imepasuka. Tone la maji kutoka kwenye chombo cha kunyweshea lililomwagwa wakati wa kujaza. Taa hizi ziko za aina mbili: za kioo chepesi na za kioo kizito kilichofinyangwa. Kizito kinavumilia maji, chepesi hakivumilii. Tulikuwa na chepesi. 14,000 nyingine. Vyombo vya maji sasa vinajazwa nje ya mduara.

15 Juni: Umeme mdogo wa jioni

Saa mbili usiku kioo 28.4, taa zinawaka mfululizo, vifaranga wamelaliana. Mita ilisoma volti 198 kwenye soketi. Taa ya waya wa ndani inapoteza nguvu haraka kuliko volti: kwa 198 badala ya 230, wati 300 zinabaki kama 240. Themostati haiwezi kuongeza kisichokuwepo. Yenyewe inafungua na kufunga tu.

Kushusha taa karibu zaidi na maranda ndiko kunakojia akilini kwanza, nako ndiko kunakounguza nyumba. Hatukushusha. Joto lilikuwa linapotelea juu kwenye bati. Tulifunika nusu ya mduara, ile isiyo na taa, kwa kipande cha hadibodi kilicholala juu ya ukingo, na kuziba ufa wa dirisha kwa gunia. Umbali kutoka taa hadi kifuniko ni zaidi ya nusu mita. Baada ya dakika 40 kioo kilifika 32. Usiku uliofuata volti zilikuwa 201 na joto halikushuka chini ya 31.

Leo pia imeongezwa swichi ya akiba (3,000): laivu kutoka konekta ya kwanza, kupitia swichi ya kawaida ya ukutani, kwenda laivu ya taa. Inaruka rilei ya 5 na 6. Themostati ikifa usiku, mtu anawasha taa kwa mkono na kulala kwa zamu. Iandikwe kwa kalamu nzito juu yake, maana ikiachwa imewashwa themostati inakuwa pambo.

Kwa umeme kukatika kabisa: chungu cha udongo, mkaa ulioshika vizuri nje hadi moshi uishe, juu ufunikwe majivu, ndani ya uzio wa wavu. Dirisha liwe wazi juu. Hewa chafu ya mkaa haina harufu, na inaua vifaranga na mlezi wao bila kubagua. Hakuna kulala chumba hicho.

17 Juni: Wiki ya pili

F1 30. Mduara umepanuliwa hadi mita 2.6. Taa zimepanda hadi sentimita 58. Kihisi kimepanda hadi sentimita 8, kwa sababu mgongo umepanda.

24 Juni: EE

F1 27. Asubuhi kioo kinaonyesha EE, kengele inalia, taa zimezima. EE ni kihisi kukatika au kushikana. Jambo la kujua mapema: kihisi kikifa, themostati inazima kila kitu. Hiyo ni salama kwa nyumba, kwa vifaranga sivyo. Swichi ya akiba ilifanya kazi yake ya kwanza.

Chanzo: kebo ya kihisi ilirefushwa kwa mita mbili na kiungo kilifungwa kwa tepu nyeusi tu, sakafuni. Panya alikitafuna. Kurefusha kebo si dhambi. Kihisi ni cha omu 10,000 kwa nyuzi 25, na mita mbili za waya zinaongeza sehemu ya omu moja, haionekani. Tatizo ni kiungo. Kikiloa, umeme unavuja kati ya nyaya mbili, omu zinapungua, na themostati inasoma joto kubwa kuliko lililopo. Tukirudi nyuma kwenye daftari, tangu tarehe 21 kioo kilikuwa kinasoma nyuzi moja hadi mbili juu ya kipimajoto cha ukutani, na hatukushtuka.

Kihisi kipya 6,000. Viungo vimechomwa kwa risasi, kila waya na bomba lake la kusinyaa kwa moto, kebo imepita juu kwenye mbao za paa, mbali na kebo ya taa. F4 ilipimwa upya kwa maji ya vuguvugu: kihisi hiki kinataka 0.6, si 1.3. Ukibadili kihisi, marekebisho ya zamani hayana maana.

1 Julai

F1 24. Taa zinawaka usiku tu, kama saa moja jioni hadi saa mbili asubuhi, kwa vipindi. Vumbi limeziba wavu wa feni nusu. Limepigwa brashi, plagi ikiwa nje. Skrubu zote nane zimekazwa tena. Namba 6 ilikuwa imelegea robo mzunguko. Ndiyo inayobeba mzigo wa taa, inapata moto na kupoa mara nyingi kuliko wenzake.

8 Julai: Taa zimezimwa

Siku ya 28, vifaranga 96 wana manyoya ya kutosha. Wawili kati ya wanne waliokufa walikutwa usiku wa tarehe 15.

Umeme: tulisoma mita ya LUKU kila siku saa mbili usiku na kutoa uniti 2.1, wastani wa nyumba uliorekodiwa wiki moja kabla. Wiki ya kwanza bruda ilikula uniti 28, ya pili 22, ya tatu 15, ya nne 7. Jumla 72. Kwa 356 kwa uniti pamoja na kodi, ni 25,632. Taa zilezile zikiwaka bila kuzimwa siku 28 zingekula uniti 201.6, karibu 71,800. Wenye tarifa ya D1 (bei nafuu ya wanaotumia umeme kidogo) waangalie: unafuu wake unaishia uniti 75 kwa mwezi, na bruda hii na nyumba yake vimefika 131. Uniti zinazozidi zinauzwa zaidi ya mara tatu ya bei hiyo nafuu.

Vifaa vilivyobaki kazini: 147,000. Vilivyopotea kwa makosa: holda za plastiki 3,000, taa 14,000, kihisi 6,000. Jumla kuu 170,000, bila vifaranga, chakula na hadibodi iliyokuwepo.

Taa zimefutwa zikiwa baridi na kufungwa kwenye magazeti. Boksi limebandikwa karatasi yenye namba za pointi na namba ya F4 ya kihisi kilichopo. Kwa kundi la Septemba tumeagiza themostati ya pili, ya bei nafuu, itakayofungwa mfuatano na hii kwenye laivu ya taa na kuwekwa nyuzi 38: rilei ya kwanza ikigandana ikiwa imefunga, ya pili ikate. Mchoro wake utaingia hapa ikishapimwa mezani.